Mlango uko upande wa jiko: moto na njia ya kutokea kwenye gari-nyumba

Gari-nyumba ni gari ambalo ndani yake kuna kitanda, jiko, jokofu, meza, na mara nyingi choo na bafu. Marekani na Ulaya yapo mengi. Wastaafu huzunguka nayo, familia huyakodi wakati wa likizo, na wapo wanaoishi humo mwaka mzima. Ndugu zetu walioko huko nao huyakodi. Huku kwetu, ukipita Arusha au Nairobi utakutana na binamu zake: Land Cruiser zenye mahema juu ya paa, zinazokodishwa kwa watalii wanaotaka kujiendesha wenyewe mbugani.

Hebu chora gari-nyumba moja kwenye karatasi. Mbele kabisa yuko dereva. Nyuma kabisa kipo kitanda. Mlango wa kuingilia uko ubavuni, na kwenye miundo mingi unakaa katikati au karibu na mbele. Jiko na jokofu navyo viko hapo katikati. Sasa weka kidole kwenye kitanda, kisha kitembeze hadi mlangoni. Kimepita wapi? Kimepita mbele ya jiko.

Hiyo ndiyo hoja ya makala nzima. Moto ukianzia jikoni, kwenye jokofu au kwenye injini iliyo mbele, unakuwa umekaa kati ya mtu aliyelala na mlango wake. Watu wengi wakifikiria moto hujiuliza watauzimaje. Kwenye gari-nyumba swali la kwanza ni utatokea wapi.

Muda ulio nao ni mdogo kuliko unavyodhani

Moto ukiwaka ndani ya chumba hauendi kwa mwendo mmoja. Mwanzoni unaunguza kitu kimoja, tuseme kochi. Moshi wa moto hupanda na kujikusanya darini, tabaka lake linazidi kuwa nene na kushuka. Tabaka hilo likifika nyuzi joto 500 hadi 600 za Selsiasi, mionzi yake ya joto huchoma kila kitu kilicho chini: meza, godoro, zulia. Vyote hutoa gesi zinazowaka, na ghafla chumba kizima kinashika moto kwa wakati mmoja. Wataalamu wa moto huita hali hiyo flashova. Ikishatokea, aliye ndani hana tena nafasi.

Taasisi ya Underwriters Laboratories ya Marekani iliwahi kulinganisha vyumba viwili vya sebule. Kimoja kilikuwa na samani za zamani za mbao na pamba, na kingine samani za kisasa za sponji na plastiki. Cha zamani kilichukua karibu nusu saa kufika flashova. Cha kisasa kilichukua chini ya dakika 5.

Sasa ndani ya gari-nyumba kuna nini? Godoro la sponji, makochi ya sponji, kabati za plaiwudi nyembamba ili gari lisiwe zito, kuta zilizojazwa povu la plastiki kuzuia baridi. Na dari liko chini, kama mita 2 tu kutoka sakafuni. Yaani tabaka la moshi halina safari ndefu kabla ya kufika usawa wa pua yako.

Na huo moshi ndio unaoua mapema. Sponji ya poliyurethani ikiungua hutoa kaboni monoksidi pamoja na sianidi ya haidrojeni. Kaboni monoksidi hung'ang'ania himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huchanganyikiwa kwanza, halafu miguu inamgomea, na mwali wenyewe unaweza kuwa bado uko mbali naye.

Kilo moja ya gesi inatosha

Tufanye hesabu kidogo. Chukua gari-nyumba lenye urefu wa mita 6 kwa ndani, upana wa mita 2.2 na kimo cha mita 2. Ujazo wake ni mita za ujazo 26 na kidogo.

Gesi ya propani huanza kuweza kulipuka ikifikia asilimia 2.1 ya hewa. Asilimia 2.1 ya mita za ujazo 26 ni kama nusu mita ya ujazo. Na kilo 1 ya propani ikishatoka kwenye mtungi na kuwa mvuke hujaza karibu nafasi hiyohiyo, nusu mita ya ujazo na ushee.

Kwa hiyo kilo moja ikivuja na kuchanganyika sawasawa, gari zima linakuwa bomu linalosubiri cheche. Ule mtungi mdogo wa kilo 6 tunaoujua sote una gesi ya kutosha magari matano ya namna hiyo.

Kibaya zaidi, gesi haichanganyiki sawasawa. Propani ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, na butani mara mbili. Ikivuja inashuka sakafuni kama maji na kutafuta mabonde. Pale chini inaweza kufika kiwango cha kuwaka hata kama iliyovuja ni kidogo kuliko kilo moja. Ndiyo maana kwenye magari-nyumba ya Ulaya kabati la mtungi limetengwa na sehemu ya kuishi, na lina tundu sakafuni ili gesi imwagike nje. Ukiona tundu hilo usilizibe eti linaingiza vumbi. Vumbi utalifagia.

Jokofu lenye mwali wa moto

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: majokofu mengi ya magari-nyumba hupoza kwa kutumia moto.

Teknolojia hii ilibuniwa Stockholm mwaka 1922 na wanafunzi wawili wa uhandisi, Baltzar von Platen na Carl Munters. Badala ya kompresa, jokofu lao lina mabomba yaliyofungwa kabisa yenye maji, amonia na haidrojeni. Mwali mdogo wa gesi huchemsha mchanganyiko wa amonia na maji. Amonia inatoka kama mvuke, inapoa na kuwa kimiminika, halafu inavukizwa tena ndani ya jokofu na kubeba joto la vyakula. Hakuna kinachozunguka wala kelele, na kinafaa sana kwa gari lililoegeshwa porini bila umeme.

Lakini kimiminika kile hurudi kwa mvutano wa dunia tu. Gari likiegeshwa mahali penye mteremko kwa saa nyingi, kinashindwa kurudi, sehemu ya kuchemshia inapata joto kupita kiasi, na bomba linaanza kuchoka. Bomba likipasuka, haidrojeni na amonia hutoka kwa shinikizo karibu na chanzo cha moto. Mwaka 2006 Dometic iliita zaidi ya majokofu 900,000 nchini Marekani kwa sababu ya hatari ya nyufa kwenye bomba la sehemu hiyo. Kwa hiyo ushauri wa kuegesha gari pakiwa tambarare hauhusu usingizi mzuri peke yake. Na ukiingia kituo cha mafuta, zima jokofu la gesi kabla hujafika kwenye pampu. Ule ni mwali ulio wazi, hata kama huuoni.

Chanzo kingine ni umeme wa betri. Volti 12 haziwezi kukurusha, basi watu huzidharau. Lakini betri ikipigwa shoti inaweza kutoa mamia ya ampea, na joto kwenye waya hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo: mkondo ukiongezeka mara 10, joto linaongezeka mara 100. Waya unakuwa mwekundu ndani ya ukuta wa povu. Fyuzi inayokaa karibu kabisa na betri ndiyo kinga. Ukikuta mtu amefunga msumari au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi, usilale humo.

Pua hulala, sikio halilali

"Mimi moshi ukianza tu nitaamka." Sote tumewahi kuisikia hiyo.

Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Mary Carskadon na Rachel Herz, waliwapulizia watu waliolala harufu ya mnanaa na ya piridini, ambayo ni kemikali inayonuka vibaya sana. Kwenye usingizi mzito harufu hazikuwaamsha. Sauti ndiyo iliwaamsha. Moshi una kaboni monoksidi, ambayo inakulaza zaidi badala ya kukuamsha.

Kwa hiyo unahitaji vitu vitatu vyenye sauti, na kila kimoja kina mahali pake. King'ora cha moshi kiwe darini, kwa sababu moshi wa moto hupanda. Cha gesi ya kupikia kiwe karibu na sakafu, kwa sababu gesi hiyo hushuka. Cha kaboni monoksidi kiwe karibu na usawa wa kitanda, kwa sababu uzito wake unakaribiana na wa hewa na huenea kila mahali. Hicho cha tatu ndicho kitakachokuokoa pia na jenereta iliyoachwa ikiunguruma nje ya dirisha usiku kucha.

Dirisha lenye vishikio vyekundu

Waliotunga kanuni waliuona mchoro wetu wa mwanzo. Kiwango cha Marekani cha NFPA 1192 kinataka gari-nyumba liwe na angalau njia mbili za kutokea, zilizo mbalimbali. Ya pili kwa kawaida ni dirisha kubwa karibu na kitanda, lenye vishikio vyekundu. Unavivuta au kuvigeuza, unasukuma kioo, nacho kinafunguka kuelekea nje.

Kwenye karatasi ni rahisi. Kwenye giza kuna mambo matatu yanayokwamisha.

La kwanza, mpira wa kuzuia mvua hugandana na fremu. Dirisha ambalo halijafunguliwa miaka mitatu linaweza kugoma kabisa. Lifungue angalau mara mbili kwa mwaka, na ufute mpira huo.

La pili, madirisha mengi yana bawaba kwa juu. Ukilisukuma linafunguka, ukiliachia linakurudia mgongoni. Weka kijiti kifupi chenye urefu unaofaa pembeni ya dirisha, ukifunge kwa kamba ili kisipotee, kazi yake iwe kulishikilia tu.

La tatu, kimo. Kwenye magari makubwa dirisha linaweza kuwa karibu mita 2 kutoka ardhini. Usitangulize kichwa. Tupa blanketi juu ya kingo, toa miguu kwanza, lala kifudifudi, jishushe ukiwa umening'inia kwa mikono, ndipo uachie. Mtu mzima mmoja atangulie ili apokee watoto, mwingine abaki ndani kuwapitisha. Mpangane mapema nani ni nani. Mzee mwenye magoti mabovu au mjamzito asipoweza kupita pale, basi alale upande wa mlango. Hilo liamuliwe mchana, kabla mtu hajatandika.

Kwa nini kizima moto kinakaa mlangoni

Utakikuta karibu na mlango, na wageni huuliza kwa nini hakiko jikoni. Sababu ni kwamba ukikifuata unakuwa umeshafika kwenye njia ya kutokea. Ukigeuka na kuona moto ni wa sufuria moja, pambana nao huku mlango ukiwa mgongoni. Ukiona umefika darini, toka. Kizima moto kidogo cha unga cha kilo 1 kinaisha ndani ya sekunde 10 hivi. Ukishatoka usirudi kuchukua pasipoti wala simu. Sogea mbali na gari, kwa sababu matairi hupasuka na mitungi inaweza kulipuka, ndipo upige simu: 911 Marekani, 112 Ulaya, 114 Tanzania.

Mchoro uleule, nyumba nyingine

Kwa Land Cruiser zenye hema juu ya paa mchoro unabadilika kidogo. Jiko liko nyuma ya gari, na ngazi ya kushukia mara nyingi inatua hatua chache kutoka hapo. Pika upande ambao ngazi haiko, funga mtungi kabla ya kupanda kulala, na ulale na kisu cha kuchania hema mahali mkono unapofika.

Halafu kuna mchoro mmoja zaidi, ambao wasomaji wengi wa makala hii wanalala ndani yake. Chumba kimoja cha kupanga. Kitanda ukutani. Mlango mmoja, na kando yake mtungi wa gesi na jiko. Dirisha moja, lenye nondo zilizochomelewa.

Magurudumu hakuna, lakini weka kidole kitandani na ukitembeze hadi nje. Kama kinapita mbele ya mtungi na hakina njia nyingine, kuna mambo mawili ya kufanya wiki hii. Hamishia mtungi na jiko mbali na mlango, au nje kama baraza ipo na inafungika. Na mwombe mwenye nyumba nondo za dirisha ziwekewe bawaba na kufuli upande wa ndani, ufunguo uning'inie ukutani pale mwizi hafiki na mtoto anafika. Fundi wa kuchomelea huimaliza kazi hiyo kwa siku moja.