Pindo au Pendo? Juu ya Kusoma Wasia wa Bibi Ulioandikwa kwa Herufi za Kiarabu

Kusudi la makala haya ni kueleza taabu moja iliyomo katika kusoma mashairi ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kuonyesha kwamba taabu hiyo haiishi kwa elimu ya sarufi peke yake. Mfano nitakaoutumia ni mdogo: beti tatu za mtindo wa utenzi alizoandika bibi yangu, mama yake baba, mkazi wa Mombasa, mwaka 2008, siku chache kabla sijasafiri kwenda Ulaya kusomea shahada ya udaktari. Beti hizo hazikupata kupigwa chapa. Nazileta mbele ya wasomaji wa jarida hili si kwa sababu mtungaji wake ni jamaa yangu, bali kwa sababu nilizisoma vibaya kwa muda wa miaka 13, na kosa langu lina mafunzo kwa kila ahaririye miswada ya wazee wetu.

Yafaa kwanza kusema maneno machache juu ya aina ya utungo wenyewe. Wasia ni jambo la zamani katika ushairi wa Kiswahili. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alimtungia binti yake utendi wa beti 102, naye mwenyewe akiwa ameshikwa na maradhi kwa muda wa mwaka mzima. Idadi ya beti na mwaka wa kutungwa, yaani 1275 wa Hijra, ameviweka ndani ya utendi wenyewe, kama mtu atiaye sahihi katika hati. Katika karne ya ishirini Shaaban Robert (1909–1962) aliifuata njia hiyo alipomtungia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Katika tungo hizi mambo matatu hayatengani: mapenzi ya mzazi, heshima ya ukoo na imani ya dini. Mwana Kupona amfundisha binti yake radhi tano ambazo kiumbe hana budi kuzipata, na katika hesabu yake radhi ya Mungu na Mtume yafuatwa na ya baba, mama na mume, bila ya ukuta kati ya ibada na nyumba.

Lakini hao niliowataja walikuwa wazazi, na bibi au babu ana daraja nyingine. Katika desturi za pwani mzazi huamuru na mwana hutii, ila kati ya bibi na mjukuu kuna utani. Bibi yangu aliniita "mume wangu" tangu nilipokuwa sijajua kufunga shuka, na siku aliponipa karatasi ile alisema, "Haya mume wangu, usije ukaniletea mke mwenza kutoka huko." Kwa hiyo wasia wa bibi hausemi kwa sauti ya hukumu. Husema kwa upole, na mara nyingine kwa mzaha, na msomaji asiyelijua jambo hili aweza kuipima sauti yake kwa kipimo kisicho chake. Mimi nililijua, lakini nililisahau nilipoketi kusoma.

Beti zenyewe ni hizi. Neno moja nimeliacha wazi, kwa kuwa ndilo litakalotushughulisha.

Wewe mwana wa mwanangu
nilopewa na Muungu
sikia maneno yangu
machache nakuusia.

Ukifika ugenini
umkumbuke Manani
na walo hapa nyumbani
ndia wanaangalia.

Sikuachii mashamba
wala dhahabu na nyumba
ni dua nimeziomba
. . . . . . nakufungia.

Mtindo ni ule wa kawaida wa tendi: vipande vinne, kila kimoja mizani minane, vitatu vya kwanza vikiwa na kina kimoja, na cha nne kikichukua kina kipitacho utungo wote. Lugha ni ya Mombasa iliyochanganyika kidogo na Kiswahili Sanifu. "Ndia" ni njia, na kuangalia ndia ni kumngoja msafiri kwa hamu.

Sasa tuje kwenye neno lililoachwa. Katika karatasi ya bibi limeandikwa kwa herufi tatu za msingi, yaani be, dali na nuni, pamoja na irabu zake. Kila aliyepita chuoni anajua kwamba Kiarabu kina irabu fupi tatu tu, na Kiswahili kina tano. Waandishi wa zamani walitumia kasra kwa i na kwa e pia, na dhuma kwa u na kwa o pia. Kuongeza ye au wau mahali penye mkazo hakuondoi shaka, kwa sababu ye nayo yaweza kuwa i au e, na wau yaweza kuwa u au o. Tena wengi hawakuwa na herufi mbali kwa p, wakaiandika kwa be. Na sauti za mb na nd ziliandikwa mara nyingi kwa be na dali tupu, bila ya alama ya sauti ya puani iliyotangulia. Wako waandishi waliozidisha nukta na alama ili kuponya upungufu huu, lakini bibi yangu hakuwa mmoja wao. Aliandika kama alivyofundishwa na mama yake. Kwa hiyo neno lile, kwa macho tu, laweza kuwa pendoni, pindoni, au bindoni.

Mimi nilisoma "pendoni". Nilikuwa ugenini, katika chumba cha kupanga, na majira ya baridi yalikuwa yameanza. Nilisoma kipande hicho hivi: "katika pendo nakufungia." Nikakifasiri kuwa mapenzi ya bibi ni kufuli, na kwamba ananilaumu kwa kuondoka. Kitenzi kilinisaidia kukosea, maana kumfungia mtu ni kumfungia mlango pia, kama tusemavyo, "amemfungia chumbani". Ubeti wa pili nao, wenye watu waangaliao ndia, niliuona kuwa ni shutuma. Nilizungumza naye kwa simu mara nyingi katika miaka ile, lakini sikumwuliza hata mara moja, kwa kuwa nilidhani nimeelewa, na kwa kuwa jambo nililodhani nimelielewa lilinitia uzito. Naye hakupata kulitaja. Alifariki mwaka 2011, kabla sijarudi. Baadaye nilikuwa nikiutumia ubeti huo mbele ya wanafunzi wangu kama mfano wa sitiari ya kifungo, na wao wakaunakili katika madaftari yao.

Mwaka 2021 nilikwenda kumzuru shangazi yangu, binti mkubwa wa marehemu. Katika mazungumzo nilianza kumsomea beti zile. Sikufika ubeti wa pili, akanipokea na kuzighani mwenyewe kwa moyo, maana bibi alikuwa akizirudia jikoni siku zote zile alipokuwa akizitunga. Alipofika mwisho alitamka waziwazi: "pindoni nakufungia." Nikamwambia kwamba mimi nasoma pendoni. Akacheka, akasema, "Pendoni wapi, mwanangu? Si alikufungia ile leso? Lile pindo hukulifungua?"

Hapa hapana budi kueleza jambo ambalo wasomaji wa pwani wanalijua. Pindo ni ukingo wa nguo, na katika leso au kanga ni ule upande unaozunguka mji wa nguo. Wanawake wetu wana desturi ya kufunga fedha au kitu kidogo cha thamani katika ncha ya leso, kwa fundo. Fundo hilo ndilo mkoba wa asiye na mkoba. Karatasi ya bibi ilikuwa imefungwa ndani ya leso kuukuu. Niliifungua leso, nikatoa karatasi, nikaiweka leso kando. Kama palikuwa na fundo katika pindo lake sikuliona, kwa sababu sikulitafuta. Leso yenyewe ilipotea katika kuhama vyumba, wala sijui imekwenda wapi. Kwa hiyo swali la shangazi sikuwa na jibu lake.

Tukirudi kwenye sarufi, twaweza kuuliza kama kosa hili lingaliweza kujulikana kwa kuusoma ubeti wenyewe tu. Nadhani lingaliweza, kwa nusu yake. Pendoni si umbo lililokatazwa, kwa sababu husikika moyoni, akilini na hata mapenzini. Lakini tuangalie kitenzi. "Nakufungia" ni kutoka funga, katika hali ya kutendea, na kiambishi -ku- chamtaja yule anayetendewa jambo. Kitu kinachofungwa kimekwisha tajwa katika kipande cha tatu, nacho ni dua. Maana yake, basi, ni: dua nilizoziomba nakufungia wewe, kwa ajili yako. Dua zahitaji mahali pa kufungwa, na pindo ni mahali pa kufungia. Tukisoma pendoni, dua zabaki bila ya kitenzi, na mjukuu ageuka kuwa kitu kinachofungwa. Usomaji wangu uliuvunja ubeti vipande viwili, nami nikauita mvunjiko huo ufundi.

Ushahidi wa pili watoka katika mapokeo ya wasia. Watungaji wa tungo hizi hawapendi kuyaacha mapenzi yaelee hewani, bali huyatia katika kitu kinachoshikika. Mwana Kupona ampa binti yake hirizi yenye uzi imara, kisha amtungia kidani cha lulu na marijani, na kwa vyote viwili akusudia maneno yake. Bibi yangu, asiye na lulu wala marijani, amempa mjukuu wake pindo la leso. Ni njia ile ile.

Ushahidi wa tatu ni wa kina. Utungo huu wafuata kina cha -ia, kilichozoewa mno katika tendi. Ifahamike kwamba hali ya kutendea hutoa -ia baada ya mizizi yenye a, i na u, na -ea baada ya mizizi yenye e na o. Funga yawa fungia, lakini penda yawa pendea na omba yawa ombea, maneno ambayo kina hiki hayakipokei. Kwa hiyo mtungaji aliyechagua -ia hawezi kukipenda wala kukiombea mwisho wa ubeti. Yampasa apate kitendo kingine cha kubeba mapenzi na dua, na kitendo hicho mara nyingi huwa cha mkono: kutia, kuvika, kufunga. Katika herufi za Kiarabu -ia na -ea huandikwa sawa, lakini bibi alizitenganisha bila ya kukosea. Jambo hili laonyesha kwamba alikuwa akitunga kwa sikio, na karatasi ilikuja baadaye.

Hata hivyo sarufi yafika hapa na kusimama. Yaweza kuliondoa neno pendoni, lakini haiwezi kuamua kati ya pindoni na bindoni. Bindo ni mkunjo wa nguo unaokingwa kwa mikono ili kupokea kitu, nalo lingetoa maana nzuri kabisa: mjukuu amekinga bindo na bibi amemtilia dua. Mimi ningeweza kuandika kurasa nyingi za kutetea bindoni. Kilichoamua ni kinywa cha shangazi, aliyeusikia ubeti ukitungwa.

Jambo hili si geni katika taaluma yetu. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yametufikia kwa sehemu kubwa kwa sababu Mwalimu Sikujua, aliyefariki mwaka 1890, aliyakusanya kutoka katika kumbukumbu za watu, akishirikiana na W. E. Taylor. Naye J. W. T. Allen, alipochapisha mwaka 1970 orodha ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyohifadhiwa Dar es Salaam, aliorodhesha pamoja nayo kanda za sauti. Walijua kwamba maandishi ya namna hii ni kumbukumbu ya kumsaidia aliyekwisha sikia, wala si badala ya kusikia.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. La kwanza, kila mswada wa herufi za Kiarabu upatikanao katika nyumba ya watu usinakiliwe kwa herufi za Kirumi kabla ya kutafutwa mtu wa nyumba hiyo aughani, na ghani hiyo irekodiwe. La pili, mahali ambapo msomaji wa miswada amechagua irabu kwa akili yake mwenyewe, aonyeshe wazi kwamba amechagua. Mimi sikuonyesha, na wanafunzi wangu walichukua kosa langu wakidhani ni neno la mtungaji. Tungo za namna hii zilizomo masandukuni ni nyingi, na wale wanaozijua kwa moyo ni wazee.

Kwa wale walio na ubeti ule katika madaftari yao, naomba wausahihishe hivi:

Sikuachii mashamba
wala dhahabu na nyumba
ni dua nimeziomba
pindoni nakufungia.