Samaki Wadogo wa Vijito Vyetu

Tukitaja samaki wa Kongo, wengi hukumbuka upesi samaki wakubwa wa Lualaba, au ndagala wa Tanganyika wanaovuliwa usiku kwa taa. Lakini wako samaki wengine ambao hawafiki sokoni, wala hakuna anayewahesabu. Ni wale wa vijito na vidimbwi vya nyuma ya kijiji, wenye urefu wa kidole, na pengine nusu ya kidole. Mvuvi wa mtumbwi huwadharau. Mama wa nyumba hawezi kuwadharau, maana mara nyingi ndio kitoweo cha pekee anachopata bila fedha.

Kazi hii ni ya wanawake na watoto. Katika misitu ya Maniema, maji yanapopungua miezi ya Juni, Julai na Agosti, wanawake wa kijiji hupatana siku, kisha huenda pamoja kijitoni na vikapu, mabeseni, vibuyu na majembe. Huchagua mahali penye kina kidogo na kingo zenye mashimo. Hujenga boma la magogo, matope na majani upande wa juu, na jingine upande wa chini, hata maji ya katikati yakatengwa kabisa. Hapo kazi ngumu huanza: kuyachota maji na kuyamwaga nje ya boma, saa nyingi, huku wakiimba ili mikono isilegee. Boma la juu likivuja, mmoja hukimbia kuliziba kwa tope. Likibomoka, kazi ya asubuhi nzima imepotea.

Maji yakiisha, samaki huonekana wakirukaruka katika tope. Watoto huokota wale wadogo wenye kung’aa. Wanawake wazima hutia mikono katika mashimo na chini ya mizizi, ambamo hujificha kambare, kaa na kamba wa maji baridi. Kambare huhitaji akili, kwa kuwa ana miiba miwili mikali kwenye mapezi ya kifuani. Mwisho, boma hubomolewa, maji yakapita tena. Katika vijiji vingi vya msituni kila sehemu ya kijito ina ukoo wake, na mgeni hawezi kuvua pale bila ruhusa. Wako vijana wanaouita ushenzi utaratibu huo. Mimi naona wazee walifahamu vema kwamba kitu kisicho na mwenyewe huisha upesi.

Hapa niseme neno juu ya vidimbwi vya Katanga, vinavyokauka kabisa wakati wa kiangazi na kuwa na samaki tena baada ya mvua. Wengine husema samaki hao walianguka kutoka mawinguni. Sivyo. Wako samaki wadogo wenye rangi nzuri ajabu, ambao hutaga mayai katika tope, kisha hufa kidimbwi kinapokauka. Mayai hubaki hai ndani ya udongo miezi mingi. Mvua ikinyesha, huanguliwa, na baada ya majuma machache tu samaki hao wamekomaa na kutaga. Maisha yao yote hutimia katika majira moja ya mvua.

Tuyarudie mambo ya chungu. Muhogo hushibisha tumbo, lakini haujengi mwili. Mwaka wa 1935 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi iitwayo leo Ghana, aliwajulisha madaktari wenzake jina la kwashiorkor: ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa, akapewa uji mtupu, hata akavimba miguu na nywele zikabadilika rangi. Na kwetu Kongo, mwaka wa 1938, daktari Trolli alitangaza habari za konzo kati ya watu wa Kwango. Mtu huamka mzima, kisha ghafula miguu hukakamaa, wala hapati kupona tena. Huwapata hasa watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa, pale ambapo muhogo mchungu huliwa kabla ya kulowekwa siku za kutosha, na pasipo kitoweo cha kusaidia mwili kuishinda sumu yake. Samaki ni mojawapo ya vitoweo hivyo. Tena yule mdogo huliwa mzima pamoja na kichwa na mifupa, ambamo mna chokaa ya kuimarisha mifupa ya mtoto. Samaki mkubwa tunamtupia mbwa sehemu hiyo.

Kwa hiyo inasikitisha kuona jinsi vijito vinavyoharibiwa. Utupa, ule mmea ambao majani yake hupondwa na kutiwa majini, ulijulikana tangu zamani. Hunyima samaki pumzi, na hauchagui: huua mkubwa, huua na kifaranga, na maji huichukua sumu hadi kwa jirani wa chini. Lakini leo kuna mabaya zaidi. Wengine humwaga dawa ya wadudu wa mashambani, kisha huwalisha watoto wao samaki waliokufa kwa dawa hiyo! Wengine huvua kwa chandarua kilichogawiwa bure kuzuia malaria. Matundu yake hayaachi hata kifaranga kupita, na dawa iliyomo ni kali sana kwa samaki. Usiku mbu huingia, na mwaka wa pili kijito ni kitupu. Sheria za nchi zimekataza sumu tangu wakati wa Wabelgiji, lakini polisi hawezi kukaa kila penye kijito. Baba wa jamaa anaweza.

Mwenye nafasi achimbe bwawa. Miaka kama kumi kabla ya uhuru wa 1960, wataalamu wa Kipopo, karibu na Lubumbashi, walifundisha ufugaji wa tilapia, na mabwawa yakachimbwa kwa maelfu; mengi yakaachwa baadaye. Tilapia huzaa mno, hata bwawa likajaa samaki wadogo wasiokua. Watu wengi hukata tamaa hapo. Kumbe dawa ni kuwavua hao wadogo mara kwa mara na kuwala, wachache wanaobaki wapate chakula na nafasi.

Namna ya kuwapika si ngumu. Waoshe mchanga, wabanye matumbo wale wenye nyongo, watie chumvi, pilipili na mawese kidogo, wafunge katika majani mapana, uweke furushi pembeni ya makaa. Kwa mtoto anayeachishwa ziwa, pilipili iachwe: wakaushe samaki juani au juu ya moshi, wasage kinuni mpaka wawe unga laini, uchunge miba, kisha tia kijiko kimoja katika uji wake asubuhi na jioni.