Udongo na Wimbo: Sanamu za Mafunzo katika Nchi ya Handeni na Korogwe

Katika nchi ya Handeni na Korogwe udongo ulifanyiwa kazi mbili zisizolingana. Ya kwanza ni kazi ya nyumbani: chungu cha kupikia na mtungi wa maji, vyombo vilivyofinyangwa kwa mkono na kuchomwa motoni ili vidumu. Ya pili ni kazi ya mafunzo: sanamu ndogo zilizoumbwa kwa ajili ya jando na unyago miongoni mwa Wazigua, Wanguu na Washambaa. Aghalabu sanamu hizo zilikaushwa tu pasipo kuchomwa, kisha zikatiwa madoa na mistari ya rangi nyeupe, nyekundu na nyeusi. Makala haya yahusu kazi ya pili, kwani ndani yake sanaa na lugha hutegemeana hata moja isieleweke bila ya nyingine.

Habari nyingi zilizoandikwa juu ya sanamu hizi zatokana na Hans Cory (1888–1962), mzaliwa wa Vienna, aliyekuwa mtaalamu wa elimu ya jamii katika serikali ya Tanganyika. Mwaka 1944 alichapisha makala juu ya sanamu za Wanguu, ambao sehemu kubwa ya milima yao ilikuwa katika Wilaya ya Handeni kabla ya Wilaya ya Kilindi kutengwa mwaka 2002. Mwaka 1956 kitabu chake, African Figurines, kilitolewa London, nacho kilikusanya sanamu za makabila kadhaa. Jambo la kumsifia Cory ni kwamba hakuridhika na kuzipiga picha; aliandika pia nyimbo zilizoambatana nazo.

Mgeni azionapo sanamu hizi huenda akadhani kuwa mwumbaji alipungukiwa na ustadi. Kiwiliwili cha mtu chaweza kuwa kama kigogo tu, na mikono vishina viwili. Lakini hiyo si kasoro. Hata mwana hiti, yule mtoto wa mti ajulikanaye kwa Wazaramo, Wakwere na Wazigua, hana mikono wala miguu, na hapana aliyelelewa katika mila hiyo amwonaye kuwa hakumalizika. Fundi alipunguza umbo kwa makusudi, akabakiza yale yaliyohitajiwa na somo.

Umbo liliweza kupunguzwa hivyo kwa sababu halikuachwa liseme peke yake. Sanamu ilionyeshwa, wimbo wake ukaimbwa, na maneno ya wimbo yalikuwa ya fumbo. Baadaye tu ndipo maana ilipofunuliwa: heshima kwa wazazi, wajibu wa mume na mke, miiko ya kuchungwa. Kijana aliyeona sanamu bila ya kusikia wimbo aliona udongo uliopakwa rangi. Aliyesikia wimbo bila ya kufunuliwa maana alibaki na kitendawili kisichoteguliwa.

Wanafunzi wa lugha watautambua utaratibu huu. Sauti za neno *nyoka* hazifanani na nyoka hata kidogo. Maana yake yatokana na mapatano ya wasemaji, kama alivyoeleza Ferdinand de Saussure katika masomo yaliyochapishwa mwaka 1916. Hapa pia yaonekana tofauti na uchoraji wa dhahania wa Ulaya. Wassily Kandinsky, mwanzoni mwa miaka ya 1910, alitaka rangi na umbo viguse moyo vyenyewe, pasipo kutaja kitu chochote. Mwumbaji wa Unguu alifika kwenye umbo lisilofanana na kitu kwa njia nyingine: neno lilikuwapo tayari kuubeba mzigo wa maana.

Kiswahili chenyewe kimehifadhi alama ya uhusiano huu. *Kinyago* na *unyago* ni maneno ya shina moja, ijapokuwa leo wengi wasemapo kinyago huwaza kazi ya kuchongwa iuzwayo dukani, wala hawakumbuki mafunzo.

Chungu kilichochomwa, hata kikivunjika, huacha vigae, na katika bonde la Pangani vimo vigae vilivyodumu ardhini kwa zaidi ya miaka 1,000. Udongo usiochomwa hurudi kuwa udongo kwa mvua moja. Kwa hiyo sanamu ya mafunzo ilidumu kwa ulimi: aliyeujua wimbo aliweza kuiumba tena. Nayo iliyosalimika katika kabati la makumbusho, ikiwa imeandikiwa jina la kabila na la kitu tu, imehifadhiwa nusu. Hapana budi kando yake yaandikwe maneno ya wimbo kwa Kizigua, Kinguu au Kishambaa, pamoja na ufafanuzi wa Kiswahili. Kazi hiyo yawahusu watunza makumbusho, lakini yawahusu zaidi watunzi wa kamusi, maana wazee wanaozikumbuka nyimbo hawaongezeki.