Kwa Nini Simu ya Intaneti Hukatika, na Ufanye Nini

Wakazi wengi wa Bute hutumia WhatsApp kuzungumza na jamaa walio Nairobi au Ethiopia kwa kuwa ni nafuu. Hata hivyo, mara nyingi sauti hukwama, au mtu hupigiwa na simu yake isilie.

Simu ya kawaida hutengewa njia yake kwenye mtandao. Simu ya intaneti hugawa sauti katika vipande vidogo vinavyosafiri pamoja na video na picha za watu wengine. Vikichelewa au vikipotea, maneno hukatika. Mtandao wa 2G hubeba simu ya kawaida vizuri, lakini kasi yake haitoshi mazungumzo ya intaneti.

Wakati mwingine tatizo ni simu yenyewe. Mpangilio wa kuokoa betri huweza kuizima programu, na programu ya zamani huleta hitilafu.

Wananchi wanashauriwa:
- Kusasisha programu mara kwa mara.
- Kuiondoa WhatsApp kwenye mpangilio wa kuokoa betri.
- Kuzima video au kutuma ujumbe wa sauti mtandao ukiwa dhaifu.

Mama akishikwa na uchungu wa uzazi au mtu akijeruhiwa, usipoteze muda na WhatsApp. Haipigi nambari za dharura. Piga simu ya kawaida kwa 999 au 112, bila malipo, au kwa kituo cha afya kilicho karibu. Andika nambari ya kituo hicho leo, uibandike ukutani.