KUONGOZA WATU: FUNZO LA VIWANJA VYA MATHARE

Watu wengi hudhani ya kuwa uongozi ni kiti. Mtu akishapewa kiti hukaa, hukohoa, na kungoja watu waje. Lakini yuko mwenyekiti wa chama cha ushirika ambaye wanachama wake humpita njiani wakipeleka maziwa kwa mchuuzi. Yuko pia karani mkuu ambaye akienda likizo, kazi yote ya ofisi husimama. Hao wawili wajua ya kuwa kiti hakiongozi mtu. Basi swali ni hili: yampasa kiongozi afanye nini, siku kwa siku, ili watu wafanye kazi vyema hata asipokuwapo?

Jibu moja zuri lapatikana upande wa mashariki wa mji wa Nairobi. Huko ndiko serikali ya kikoloni ilikojenga nyumba nyingi za wafanyakazi Waafrika, kama vile Shauri Moyo, Kaloleni na Bahati. Si mbali na mitaa hiyo liko bonde la Mathare, ambamo maelfu ya watu wamesongamana katika vibanda vya mabati. Mwaka 1987 Bwana Bob Munro, mtu wa Kanada, pamoja na vijana wa mahali pale, walianzisha chama cha michezo ya vijana, kijulikanacho sana kwa jina la MYSA. Chama kiliwapa watoto ligi ya mpira yenye ratiba na refari. Lakini hakikuwapa bure.

Bonde lilikuwa na takataka nyingi, na mitaro ilikuwa imeziba. Ikawekwa kanuni ya kwamba timu ikikamilisha kazi ya usafi mtaani hupewa pointi 6 katika jedwali la ligi, nyingi kuliko za kushinda mchezo mmoja. Hivyo timu yenye miguu hodari na mikono mivivu yaweza kupitwa na timu dhaifu inayoshika fagio na koleo. Hapa pana funzo la kwanza: watu hufuata lile ambalo kiongozi hulihesabu, wala si lile alisemalo tu. Ukisifu bidii kwa mdomo, na huku ukimpandisha cheo yule akubebeaye mfuko, watu wote watajifunza kubeba mfuko.

Funzo la pili lahusu manung'uniko. Katika michezo ya chama hiki, kapteni peke yake ndiye aruhusiwaye kusema na refari. Wengine wakiona wameonewa, humweleza kapteni wao. Kwa njia hiyo makelele hupungua, na neno la haki husikika. Hata ofisini na shambani, yafaa kila mtu ajue malalamiko yake yapite mlango upi. Lakini angalia, bwana msomaji: mlango huo ukifungwa, watu watapita dirishani. Kapteni asiyesikiliza wenzake hataweza kuwasemea.

Funzo la tatu ni la adhabu. Mchezaji akivunja kanuni hii hutolewa uwanjani, na kabla ya kurudi mchezoni hutakiwa kwanza awe refari katika michezo ya watoto wadogo. Yaani mwenye kubishana na filimbi hukabidhiwa filimbi! Akiisha kuzomewa na watoto kwa dakika chache, huuelewa uzito wa kazi aliyokuwa akiidharau. Adhabu ya namna hii haimwaibishi mtu wala haimfukuzi. Humfunza, na kazi ya chama huendelea. Mkubwa amkaripiaye kijana mbele ya wageni hupata kimya, asipate utii.

La nne ni daftari. Vijana wanaojitolea huandikiwa pointi kwa kazi waliyoifanya, na walio na nyingi husaidiwa karo za shule. Sisi makarani twajua faida ya jambo hili. Zawadi ikitolewa kwa hesabu iliyo wazi, hata aliyeikosa hujua sababu ya kuikosa. Ikitolewa kwa siri, hata aliyeipata kwa haki hushukiwa.

La tano, na kubwa kuliko yote, ni kuandaa warithi. Vijana wenyewe huchagua viongozi wao, na hao huketi katika kamati na kuamua mambo ya ligi. Mwaka 1992 wasichana nao waliingia katika mpira, na mwaka huohuo chama kilipewa tuzo ya mazingira ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 1994 ikazaliwa timu ya wakubwa, Mathare United, iliyotwaa Kombe la Moi mwaka 1998 na ubingwa wa ligi ya Kenya mwaka 2008. Hata wachezaji hao mashuhuri walitakiwa kutumikia jamii, wakifundisha watoto na kuwaonya vijana juu ya UKIMWI. Aliyepanda juu hakusamehewa kazi ya chini.

Labda msomaji mwingine atasema: "Hao ni watoto wa mpira, mimi naongoza watu wazima wenye mishahara na wake." Ni kweli kazi si moja. Hata hivyo, mtu mzima hupenda haki kama mtoto, na huchukia kupuuzwa kuliko mtoto. Tena mtoto akichukizwa hulia, ukamsikia. Mtu mzima hunyamaza, na kazi yako ikaharibika polepole pasipo wewe kujua.

Kwa hiyo, yeyote aliye na watu chini yake, wawe vibarua watatu au makarani ishirini, na achukue kalamu ajiulize mambo matatu. Je, mimi huhesabu nini katika kazi ya watu wangu? Mtu aliyeonewa hunijia kwa njia gani? Nikiugua kesho, nani atashika funguo, na je, nimemfundisha? Asiyeweza kulijibu swali la tatu, na aanze nalo leo, kwa maana ugonjwa haupigi hodi.