Unangoja matokeo? Majuu wanafunga mlango!

Jamani, nusura nimponze mpwa wangu!

Yuko mwaka wa pili wa diploma ya IB, pale UWC East Africa mjini Moshi, ile iliyoitwa ISM hadi 2019. Jumapili moja ya Septemba alipanda Uru kutusalimia. Tumekaa migombani, akauliza: "Mjomba, nianze kuomba vyuo vya nje?" Mimi wa Form Six ya zamani nikajifanya mjuaji: "Tulia mama, ngoja matokeo."

Kumbe naota! Mtihani wa IB ni Mei, matokeo Julai. Lakini Oxford, Cambridge na kozi nyingi za udaktari Uingereza hufunga maombi katikati ya Oktoba. Vyuo vingi vya Marekani mwanzoni mwa Januari.

Sasa wanatazama nini? Makisio ya walimu! Masomo sita, kila moja pointi 7. Insha ndefu na Nadharia ya Maarifa huongeza 3, jumla 45. Makisio hayo hutokana na kazi yako tangu mwaka wa kwanza. Ukizembea, umekwisha.

Na ada? Wahitimu wa UWC wenye uhitaji wana mfuko wa Davis, unaowasaidia katika vyuo kadhaa vya Marekani. Lakini chuo kikukubali kwanza!

Bahati nzuri binti hakunisikiliza. Kesho yake alimwona mshauri wa shule, na fomu ziliondoka kwa wakati.

Mimi nimerudi kwenye mbege yangu, kimyaaa. Wewe je, unamsikiliza mjomba gani?