Kinywa kikavu, usiku wa safari za msalani: Namna ya kukabili masaibu baada ya tiba ya saratani

Na MWANDISHI WETU

MGONJWA wa saratani anapokamilisha matibabu, jamaa na marafiki humshukuru Mungu wakiamini kwamba kilichosalia ni mwili kurejesha nguvu zake tu.

Hata hivyo, kwa wengi huo ndio wakati ambapo matatizo mengine huchomoza. Hayatishi kama uvimbe wenyewe, lakini humtafuna mtu polepole, usiku baada ya usiku.

Miongoni mwayo ni mawili ambayo ni nadra kutajwa hadharani: kuamka mara kwa mara kwenda haja ndogo, na kinywa kukauka kiasi cha ulimi kugandamana na kaakaa.

Kila moja peke yake ni kero. Yanapomkuta mtu mmoja kwa pamoja, huwa mzunguko. Kinywa kinapokauka mgonjwa hunywa maji, maji hujaza kibofu, kibofu humwamsha, na anapoamka hukuta kinywa kimekauka tena, naye hunywa tena.

Suala hili linawahusu Wakenya wengi. Kwa mujibu wa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, zaidi ya watu 42,000 waligunduliwa kuwa na maradhi hayo nchini mwaka 2020, na zaidi ya 27,000 wakafariki.

Saratani zinazoongoza nchini ni ya matiti, mlango wa kizazi, tezi kibofu na umio. Mbili kati ya hizo, yaani ya mlango wa kizazi na ya tezi kibofu, hukaa jirani kabisa na kibofu cha mkojo, na aghalabu hutibiwa kwa mionzi au upasuaji katika eneo hilo.

Kwa nini kinywa hukauka

Mtu mwenye afya hutoa kati ya nusu lita na lita moja u nusu ya mate kwa siku. Mate hayo hutoka hasa katika jozi tatu za tezi: zilizo mbele ya masikio, zilizo chini ya taya na zilizo chini ya ulimi.

Tezi hizi ni dhaifu mno mbele ya mionzi. Anayetibiwa saratani ya koo, ulimi au pua huweza kuanza kuhisi ukavu katika wiki ya kwanza tu ya tiba. Mate machache yanayosalia huwa mazito na ya kunata.

Baadhi ya wagonjwa hupata nafuu katika kipindi cha mwaka mmoja au miwili. Wengine hubaki na ukavu huo maishani, hasa ikiwa tezi zilipokea kiwango kikubwa cha mionzi.

Mbinu za kisasa zimepunguza madhara haya. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa mwaka mmoja baada ya tiba, asilimia 74 ya waliotibiwa kwa mbinu ya zamani walikuwa na ukavu wa kusumbua, ikilinganishwa na asilimia 38 ya waliotibiwa kwa mionzi inayoelekezwa ili kuzikwepa tezi za mate.

Tiba ya kemikali pia hukausha kinywa, ingawa mara nyingi hali hiyo huisha baada ya dawa kukoma. Aidha, madini ya iodini yenye mionzi, yanayotumiwa kutibu saratani ya tezi ya shingo, huweza kuziathiri tezi za mate.

Isitoshe, hata kwa mtu mzima wa afya mate hupungua sana usingizini. Anayelala mdomo wazi huzidishiwa ukavu, na ndiyo sababu kero hii huwa kali zaidi usiku.

Kibofu kilichopoteza unyumbufu

Kibofu ni mfano wa puto: hunyumbuka kikijaa na hunywea kikitolewa mkojo. Mionzi ya eneo la nyonga inapokipata, kuta zake huvimba, na baada ya miezi au hata miaka huweza kukakamaa.

Kibofu kilichokakamaa hubeba mkojo kidogo na hutoa ishara ya kujaa mapema. Mtu aliyekuwa akilala hadi alfajiri hujikuta akiamka mara tatu au nne.

Dawa fulani za tiba ya kemikali, mathalan saiklofosfamaidi na ifosfamaidi, nazo huweza kuujeruhi utando wa ndani wa kibofu. Upasuaji wa tezi kibofu, kwa upande wake, huweza kuidhoofisha misuli inayozuia mkojo.

Lakini si kila safari ya msalani chanzo chake ni kibofu. Wakati mwingine figo ndizo zinazotengeneza mkojo mwingi kupita kiasi usiku. Kadiri umri unavyosonga, homoni inayopunguza mkojo nyakati za usiku hufifia.

Vilevile, maji yaliyotuama miguuni mchana kutwa hurudi kwenye damu mtu anapolala, na figo huyachuja. Ugonjwa wa moyo na tatizo la kukatika pumzi usingizini pia huongeza mkojo wa usiku.

Kuna jambo jingine ambalo halipaswi kupuuzwa. Dawa za steroidi, ambazo hutumiwa sana katika tiba ya saratani, hupandisha sukari mwilini. Sukari ikizidi, mtu hupata kiu kali, kinywa hukauka na mkojo huongezeka, yote kwa mpigo.

Kwa hivyo, mgonjwa mwenye dalili zote mbili anafaa kupimwa sukari na mkojo wake kuchunguzwa kabla ya kuamini kwamba hayo ni makovu ya mionzi tu.

Dawa zinazogongana

Hapa ndipo wengi huteleza pasipo kujua. Tembe za kutuliza kibofu chenye pupa, kama vile oksibutinini, hufanya kazi kwa kuzuia ishara za neva. Ishara hizo hizo ndizo zinazoziamuru tezi kutoa mate.

Matokeo yake ni kwamba anayetibiwa kibofu hukaushwa kinywa, akanywa maji zaidi, na kurejea alikotoka. Dawa za mzio na amitriptilini, ambayo wagonjwa wengi wa saratani hupewa kupunguza maumivu ya neva, nazo zina tabia hiyo hiyo.

Kinyume chake pia ni kweli. Pilokapini, dawa ya kuchochea mate iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1994 kwa walioathiriwa na mionzi, huweza kuongeza jasho na kumfanya mtu aende haja ndogo mara nyingi zaidi. Haimfai mwenye pumu isiyodhibitiwa wala mwenye aina fulani za presha ya macho.

Ipo dawa ya kibofu iitwayo mirabegroni ambayo haikaushi kinywa kwa kiwango hicho, japo anayeitumia sharti presha yake ya damu ifuatiliwe. Desmopresini, inayopunguza mkojo wa usiku, huweza kushusha chumvi ya damu kiasi cha kuhatarisha maisha, hasa kwa wazee.

La kufanya si kuacha dawa kwa uamuzi wako binafsi. Beba dawa zako zote, zikiwemo za mitishamba na za kununua dukani, uziweke mbele ya daktari au mfamasia na kumweleza shida zote mbili kwa pamoja. Ukimtajia mmoja kibofu na mwingine kinywa, kila mmoja ataandika dawa asiyoijua ya mwenzake.

Daftari la siku tatu

Kabla ya kwenda kliniki, andaa daftari na chombo chenye alama za vipimo. Kwa siku tatu, andika saa na kiasi cha kila unachokunywa, na saa na kiasi cha kila mkojo unaotoa.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Tuseme umetoa mililita 1,800 kwa saa 24, na kati ya hizo 800 zilitoka usiku pamoja na haja ya kwanza ya asubuhi. Hiyo ni zaidi ya theluthi moja. Kwa mtu aliyepita miaka 65, hiyo ni ishara kuwa figo zinatengeneza mkojo mwingi mno usiku.

Lakini ikiwa kila mara unatoa mililita 100 hivi, mchana na usiku, basi huenda tatizo ni kibofu kilichopungua uwezo. Tiba za hali hizi mbili ni tofauti, na daftari hilo litamsaidia daktari kuliko maelezo ya saa nzima.

Panga maji, usiyakimbie

Wapo wanaoamua kutokunywa maji kabisa kuanzia adhuhuri. Hilo ni kosa. Mkojo mzito hukiwasha kibofu na kuzidisha haraka ya kwenda haja, huku kinywa kikizidi kukauka.

Njia bora ni kunywa sehemu kubwa ya maji asubuhi na mchana, kisha kupunguza katika saa mbili au tatu za mwisho kabla ya kulala. Chai, kahawa na pombe ziepukwe jioni, kwani huchochea kibofu.

Chumvi nayo ina mchango mkubwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagasaki, Japani, waliripoti mwaka 2017 kwamba watu 223 waliopunguza chumvi kutoka gramu 10.7 hadi gramu 8.0 kwa siku, walipunguza safari zao za usiku kutoka wastani wa mara 2.3 hadi 1.4.

Mwenye miguu inayovimba anafaa kuiinua kwenye kiti au mto kwa saa moja hivi alasiri, ili maji hayo yatoke kabla ya usiku. Anayetumia dawa ya kupunguza maji mwilini amuulize daktari iwapo anaweza kuimeza mapema zaidi.

Mazoezi ya misuli ya nyonga, yaliyoelezwa na daktari Mmarekani Arnold Kegel mwaka 1948, huwafaa wanaume kwa wanawake. Kaza misuli kana kwamba unazuia hewa isitoke, hesabu hadi tano, legeza, na urudie mara kumi, mara tatu kwa siku. Matokeo huhitaji subira ya wiki kadhaa.

Kukilainisha kinywa

Usiku, kinachohitajika ni unyevu, si bilauri nzima ya maji. Weka kikombe kidogo kando ya kitanda, piga funda moja, lizungushe kinywani kisha uliteme. Kiu ya kinywa kikavu si ishara kwamba mwili umepungukiwa na maji.

Mchana, chingamu isiyo na sukari husaidia tezi zilizosalia kutoa mate. Peremende za sukari na chai yenye sukari nyingi ziepukwe, kwa sababu kinywa kisicho na mate hakina kinga dhidi ya kuoza kwa meno.

Sukutua mara kadhaa kwa siku kwa maji ya vuguvugu yaliyochanganywa na kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha bikaboneti ya kuokea, katika lita moja. Usiyameze. Dawa za kusukutua zenye pombe hukausha zaidi, sawa na tumbaku na miraa.

Ugali mkavu na githeri huwa vigumu kumeza. Ongeza mchuzi, ponda viazi na maharagwe, au unywe uji mchana. Pilipili na matunda makali huchoma kinywa kilichokauka.

Piga mswaki laini mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi. Muhimu zaidi, mwarifu daktari wa meno kwamba uliwahi kupigwa mionzi ya kichwa au shingo kabla hajang'oa jino lolote. Mfupa wa taya uliopigwa mionzi huweza kushindwa kupona na kuanza kufa.

Hatari gizani

Kwa familia nyingi choo kiko nje ya nyumba. Mzee anayetoka mara nne usiku, akiwa na usingizi na mwili uliodhoofishwa na tiba, huweza kuanguka na kuvunjika nyonga. Ajali hiyo moja huweza kumnyima uhuru alioupigania kwa miezi mingi.

Hakuna aibu kuweka ndoo yenye kifuniko au chombo cha haja ndogo chumbani. Tochi iwe karibu na mto, njia isiwe na viti wala mikeka ya kukwaza, na mgonjwa akae kitako kidogo kitandani kabla ya kusimama.

Jamaa nao wajue kwamba hasira na usahaulifu wa mchana huenda vinatokana na usingizi uliokatizwa.

Ziko dalili zisizosubiri kliniki ya mwezi ujao: damu kwenye mkojo, kushindwa kabisa kukojoa, homa na maumivu wakati wa haja, au kiu kali inayoandamana na mkojo mwingi. Kadhalika, maumivu ya mgongo yakifuatana na udhaifu au ganzi ya miguu, mgonjwa afikishwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mashine za mionzi sasa zimefika nje ya Nairobi, zikiwemo za Nakuru, Garissa na Mombasa, na wanaomaliza tiba wataongezeka. Anayekwenda kwa daktari wake wiki hii na alitaje jambo hili bila haya, daftari likiwa mkononi.